Karatasi ya Pili

Jumatano, 4 Machi

Darasa la manabii, saa tisa alasiri, chumba cha nyuma ya kanisa. Waliohudhuria: kumi na mmoja. Madirisha mawili yamefunguliwa, la tatu limekwama tangu mvua za mwaka jana.

Nimesoma karatasi ya tisa — yule nabii mfuga kondoo. Anawashutumu majirani wa taifa lake mmoja baada ya mwingine. Wasikilizaji wanaitikia kwa vichwa, wanafurahia. Ghafla anawageukia wao wenyewe. Mpangilio mzuri sana wa hoja. Nimeueleza. Hakuna aliyeandika.

Nimeuliza kama kuna swali. Kwa kawaida hakuna. Leo Mama Fimbo ameinua ile fimbo yake nyeupe, ikagonga taa. Haoni tangu ujana. Kila anachokijua kuhusu manabii amekipata kwa masikio, na karibu chote kwa kinywa changu.

"Mwalimu, huyu Mungu wa manabii hana siku anacheka?"

Nimemwomba afafanue.

"Miaka yote nakusikiliza. Kachoma mji huu, kabomoa ule, kamfukuza yule. Kila Jumatano kaamka vibaya. Hata marehemu mume wangu, na ulimi wake ule, kulikuwa na siku anaomba chai kwa upole."

Wanawake wamecheka mpaka benchi likalia. Nimesema manabii walitumwa kuonya. Akasema: haya, wameonya, kisha? Nikasema tutaendelea wiki ijayo. Akasema wiki ijayo nitaleta nabii mwingine, naye atakuwa amenuna.

Ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kuchekesha darasa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeamka na lile swali. "Kisha?"

Asubuhi nimelinganisha karatasi zangu na Biblia. Niandike kwa usahihi, hata kama ni mimi tu nitakayesoma.

Masomo ya usharika huu niliyaandaa mimi, miaka ishirini na sita iliyopita, kwa mashine ya stensili, ile ya kurudufu karatasi, iliyokuwa ofisini. Karatasi moja ilichukua mistari thelathini na sita. Karatasi zilikuwa adimu. Nikaweka utaratibu: somo moja, karatasi moja. Kisichoenea kinaachwa. Sikukata sentensi katikati hata mara moja — nilihakikisha kila somo linaishia kwenye nukta. Nilijivunia jambo hilo.

Matokeo ni haya. Mfuga kondoo: nimekata kwenye upanga. Nje ya karatasi kimebaki kibanda kilichoanguka kinachosimamishwa tena, nyufa zikizibwa, watu wakipanda mizabibu wasing'olewe tena. Nabii wa nzige: nimekata kwenye mashamba matupu. Nje imebaki ahadi kwamba miaka iliyoliwa na nzige itarudishwa. Yule aliyeona bonde la mifupa: nimekata kwenye mifupa. Imekauka sana — nukta.

Nimelinganisha karatasi kumi na nne. Kumi na moja zimekatwa mahali pamoja: baada ya hukumu, kabla ya ahadi. Sababu ni rahisi. Ahadi huja mwisho.

Hapakuwa na nia mbaya. Palikuwa na mkasi.

Jumamosi, 7 Machi

Mchungaji mpya amekuja nyumbani, saa nne. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, mwenye haraka. Ameniamkia vizuri, amekataa chai, kisha ameinywa. Anapanga upya kabati la ofisi na amekutana na kitabu cha nidhamu.

"Mzee wangu, naomba unisaidie kusoma mwandiko wako."

Mwandiko wangu unasomeka. Alimaanisha kitu kingine. Kuna safu ya majina, safu ya tarehe ya kutengwa, safu ya tarehe ya kurudishwa. Majina kumi na manne, yote nimeyasoma mimi mbele ya usharika. Safu ya tatu ni nyeupe tangu juu hadi chini.

Ameuliza: hakuna hata mmoja aliyerudishwa? Nimesema hakuna aliyekuja kuomba. Mwaka wa kutengwa ukiisha, mtu hurudishwa mbele ya wote na mzee yule yule aliyemsoma nje. Ndiyo desturi yetu. Lakini wengine walihama, wengine walianza tu kukaa benchi la nyuma kama wapita njia, na watatu wamekufa.

"Na kanuni inasema wao ndio waje?"

Nimesema nitaangalia. Amenishukuru kwa chai. Alipofika mlangoni ameuliza kama jina la mstari wa tisa ni la ndugu yangu. Nimesema ni binti yangu. Amesema, "Pole, Mzee wangu," akaenda.

Saa sita. Nimeangalia. Kanuni ni ya mkono wangu, ya mwaka ule ule wa stensili. "Mwaka ukiisha, mzee aliyesoma atamwendea aliyetengwa, atamsomea karatasi ya pili, na Jumapili itakayofuata atalirudisha jina lake." Atamwendea. Si ataendewa. Chini yake, kwa penseli: "Karatasi ya pili itachapwa karatasi zikipatikana."

Hazikupatikana. Au zilipatikana, nikasahau. Sikumbuki.

Jumapili, 8 Machi

Ibada. Mahubiri dakika thelathini na nane.

Mlangoni Mama Fimbo amenishika mkono wa koti. Ananitambua kwa harufu ya karafuu ninazotafuna. Ameshusha sauti, jambo asilolizoea.

"Mwalimu, juzi nilifanya mzaha. Lakini sikuwa nauliza mzaha. Kaka yangu ulimsoma nje kwa ajili ya pombe. Pombe aliacha. Miaka mitatu aliacha, mpaka anakufa. Je, yuko nje au yuko ndani?"

Nimesema hilo si la kwangu kuamua.

"Ulipomtoa lilikuwa la nani?"

Nimemsindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetafuta nakala ya karatasi ya kwanza, ile ya kutengea. Ziko katika chumba cha binti yangu, juu ya kochi. Baada ya yeye kuondoka niligeuza chumba kile kuwa stoo ya karatasi.

Somo ni la yule nabii wa ndoa, aliyeamriwa amchukue mke atakayemwacha. Mashtaka tu, mistari thelathini na sita. Mstari wa mwisho unasema, "Amewafuata wengine, na mimi amenisahau." Nukta.

Karatasi ilikuwa hiyo hiyo kwa wote. Mlevi, mgomvi, aliyeiba vyombo vya kwaya — wote walisomewa mke asiye mwaminifu. Na binti yangu pia, ambaye hakumfuata mtu yeyote. Aliondoka kwa mumewe kwa sababu alikuwa anapigwa. Aliniambia. Alinionyesha mkono, hapa kwenye meza hii. Nikamwambia apeleke malalamiko kwenye baraza la wazee kwa utaratibu. Baraza likamwamuru arudi kwa mumewe. Akakataa. Nikasoma.

Nilisoma vizuri. Watu walinisifu kwamba sauti haikutetemeka.

Miaka tisa.

Nimefungua Biblia nione kinachofuata baada ya nukta ile. Baada ya mashtaka yote nilitarajia adhabu. Inafuata safari. Aliyekosewa ndiye anayefunga safari, anamfuata aliyeondoka mpaka nyikani, na kuzungumza naye kwa upole. Kisha majina ya watoto yanabadilishwa: yule aliyeitwa Asiyehurumiwa anaitwa vingine.

Katika shauri hili hata hivyo aliyekosewa si mimi. Kwa hiyo nina sababu mbili za kusafiri, kanuni na kosa langu, na sijaitumia hata moja.

Jumatano, 11 Machi

Darasa. Waliohudhuria: kumi na sita. Habari za mzaha wa Mama Fimbo zimeenea.

Nimewaambia wazi kwamba kwa miaka ishirini na sita nimewasomea nusu. Nimeeleza mashine, mistari thelathini na sita, mkasi. Mjane anayeuza vitambaa amesema kwa hiyo sisi tumelaaniwa kwa upungufu wa karatasi? Wamecheka. Nimewaacha wacheke.

Nimesoma mwisho wa yule nabii wa siku ya ghadhabu — siku ya giza, ya tarumbeta, kila kitu kinafagiliwa. Karatasi yangu iliishia kwenye moto unaoila nchi yote. Leo nimeendelea mpaka chini kabisa, pale ambapo Mungu yuko katikati ya watu wake, anawafurahia, na anaimba.

Mama Fimbo amesimama. "Rudia hapo."

Nimerudia.

"Anaimba? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Na ulikuwa unajua?"

Nimesema nilikuwa najua. Nilisoma nabii huyo mzima nikiwa na miaka ishirini na mbili.

"Ee, Mwalimu!" Amekaa. "Umeniweka kwenye moto miaka ishirini na sita na wimbo uko mfukoni mwako!"

Hakucheka. Ndipo nikatamani acheke.

Alhamisi, 12 Machi

Baraza la wazee, saa kumi jioni. Nimeomba kuyasoma ndani majina yote kumi na manne Jumapili hii. Mchungaji ameunga mkono. Wazee wawili wameuliza kuhusu waliokufa: maiti anarudishwaje? Nimewakumbusha yule nabii wa bondeni. Aliambiwa aseme na mifupa. Si wagonjwa, si wazee — mifupa.

Mwenyekiti ni muuza mbao, mtu wa tabasamu refu. Amenivuta pembeni.

"Kaka, kumi na matatu sawa. La binti yako liache kwanza, kwa hekima tu. Yule mume wake sasa ni kiongozi wa kwaya. Atakuwa amesimama pale pale mbele. Unataka kumwaibisha mtu siku ya Bwana?"

"Binti yangu alisomwa siku ya Bwana."

"Ndiyo, lakini hayo yamepita. Na mwenyewe hajaomba."

Nimemwonyesha kanuni. Ameisoma, ameirudisha. "Mwandiko huu ni wako?" Nimesema ni wangu. "Basi umejifunga mwenyewe," akasema, na akacheka, na akanipiga bega. Yeye ndiye aliyesaini barua ya kumwamuru arudi. Sikumkumbusha. Anakumbuka.

Uamuzi: majina yote, au hakuna.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeondoa karatasi zote juu ya kochi. Safari saba mpaka jaa. Magoti yanauma.

Kochi lilikuwa la marehemu mke wangu. Binti yangu alilishona upya akiwa na miaka kumi na tisa, kabla hajaifanya kazi hiyo kuwa riziki. Kitambaa cha kijani, mishono imeingizwa ndani, haionekani. Karatasi zimeacha alama ya mraba iliyopauka. Sikukaa.

Mwanangu wa kiume, fundi friji, amepita kuchukua bomba lake. Ameona chumba.

"Baba, kuna mgeni?"

Nimesema hapana, ninasafisha. Ameangalia kochi, ameniangalia mimi. Anaongea na dada yake kila wiki, najua, naye anajua kwamba najua, hatujawahi kulitamka. Nimemwambia nitakalosoma Jumapili. Amekaa juu ya sanduku la zana.

"Umemwambia mwenyewe?"

Nimesema atasikia.

"Baba!" Kisha ameandika namba ya dada yake kwenye kipande cha gazeti na kukiweka chini ya kikombe changu.

Jumapili, 15 Machi

Nimesoma.

Nilisimama mahali pale pale, upande wa kushoto wa madhabahu. Nikaeleza kosa langu kwa sentensi tatu, kisha karatasi ya pili — nimeiandika kwa mkono, kurasa mbili, sikukata kitu. Kisha majina. Waliopo walisimama: wanne, wote benchi la nyuma. Yule wa vyombo vya kwaya alilia kwa sauti. Jina la kaka yake Mama Fimbo lilipotajwa, fimbo iligonga sakafu mara moja. Tu.

La tisa nimelisoma kama mengine. Jina lake, jina langu. Niliongeza kwamba yeye hakutenda kosa lililosomwa siku ile, na kwamba baraza lilijua, na mimi nilijua. Hilo halikuwamo katika karatasi. Kiongozi wa kwaya aliangalia kitabu chake cha nyimbo. Alikishika juu chini. Mwenyekiti hakuwa na tabasamu.

Kwaya haikuimba wimbo wa mwisho. Walisema kinanda kimeharibika.

Nje watu walinipita kwa adabu. Mama Fimbo alikuja akipapasa hewa mpaka akapata koti langu.

"Kwa hiyo yuko ndani."

"Yuko ndani."

"Pombe zake na kila kitu?"

"Pombe aliacha," nikasema.

"Ee. Aliacha." Amelishikilia koti muda mrefu.

Sauti yangu ilitetemeka leo. Kwa usahihi: kwenye la tisa, na kuendelea.

Jumatatu, 16 Machi

Hakuna aliyekuja. Nimefua. Kipande cha gazeti bado kiko chini ya kikombe.

Mara tatu nimeinua simu. Mara tatu nimekumbuka kwamba sijaandaa sentensi ya kwanza.

Jumanne, 17 Machi

Saa nne asubuhi simu imelia. Nyuma ya sauti kulikuwa na cherehani na mtu anagonga misumari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Sauti imekuwa nzito kidogo. Ya mama yake ilikuwa hivyo.

Amesema kuna mtu alinirekodi kwa simu na kumtumia. Amesikiliza mpaka mwisho, mara mbili. Kisha:

"Kanuni si inasema unaniendea kwanza, halafu ndiyo unanisoma?"

Niliona papo hapo. Kwanza kumwendea. Kisha jina. Nimesoma kanuni ile mara ishirini wiki hii, na nimefanya kinyume chake — kwa sababu kusimama mbele ya watu mia tatu kulikuwa rahisi kuliko namba iliyo chini ya kikombe.

"Nimekosea," nikasema. "Tena."

"Sijaomba kurudi, Baba. Kanisa ninalo huku. Nina karakana, nina mafundi wawili. Niko sawa."

"Najua."

"Hujui. Unaambiwa na kaka."

"Ninaambiwa na kaka yako."

Misumari. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Siku ile ya kutengwa alikuwa benchi la tatu. Anasema hakusikia nusu ya nilichosoma, kwa sababu alikuwa anaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi mbili tofauti, moja nyeusi, moja ya kahawia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na hakukuwa na wa kuniangalia kabla ya kutoka.

"Nilitaka kukuambia kabla hujasimama. Nikasema akishuka nitamwambia. Halafu ukasoma."

Sikuwahi kujua. Miaka tisa nimeamini nilikuwa nimevaa sawasawa.

Nimemuuliza, nije? Nikaeleza kwamba kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi. Akacheka kidogo, si kwa furaha.

"Baba, usianze na basi. Nisomee kwanza hiyo karatasi ya pili. Mimi peke yangu, si ya kurekodiwa. Anzia pale ulipoishia siku ile. Tukimaliza tutaona kama kuna basi."

Nikasema niko tayari. Akasema yeye hayuko tayari, ana mteja amesimama anasubiri kochi lake. Atapiga saa kumi kamili.

Saa tisa na nusu. Nimekaa kwenye kochi la kijani. Ni mara ya kwanza. Springi bado nzima. Biblia iko magotini, daftari hili juu yake, simu kwenye mkono wa kochi. Nimevaa soksi. Nimeziangalia mara mbili mbele ya dirisha — nyeusi, nyeusi. Kwa simu hazionekani.

Nimepata mahali. Swali ni mstari gani wa kuanzia. Amesema nilipoishia. Nilipoishia panasema kwamba yeye ndiye aliyesahau, na mwalimu angesema somo halianzi hewani, lazima urudie mstari mmoja ili msikilizaji ajue ulipotoka. Nimefundisha hivyo miaka thelathini na minane. Sitaurudia. Anajua tulikotoka.

Naanza kwenye safari.

Saa kumi kasoro dakika nane. Nimesafisha koo. Nimejaribu sentensi ya kwanza kwa sauti, hapa peke yangu, nikasimama katikati yake. Haina nukta mpaka mbali sana.

Inalia. Kasoro dakika nne.

Amewahi.